Mistari Miwili ya Fundi Osmund

Televisheni za chogo ndizo zilizomjengea nyumba Osmund Luambano. Nyumba ipo Bombambili, mjini Songea, ina vyumba vinne, na ukimpa nafasi atakueleza bati lipi lilitokana na redio ya nani. Kwa miaka ishirini na minane alikaa kwenye kibanda chake cha mbao kando ya barabara, pasi ya kuchomelea mkononi, miwani puani, akifufua vilivyokufa. Watu walimletea vitu kutoka Ruhuwiko, Matogoro, hata Peramiho, wakaviacha na kwenda zao bila wasiwasi.

Kisha zikaja televisheni bapa. Mwanzoni Osmund alifurahi, akidhani kazi itaongezeka. Kumbe bapa ikifa haina pa kushika. Unafungua mgongo unakuta bodi moja, vidude vyake vidogo kama chembe za ulezi, na mwenyewe anakuambia, "Acha tu fundi, nitachukua nyingine." Redio nazo zikahamia ndani ya simu. Alipofikisha miaka hamsini na mmoja, Osmund alikuwa anashinda kibandani akicheza drafti na Dastan, mshona viatu wa kibanda cha pili. Mara nyingi Osmund alimfunga, na jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo. Aliona kwamba mtu mwenye kazi hawezi kuwa hodari wa drafti kiasi kile.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekata muda si mrefu, akasimama mbele ya kibanda msichana aliyejifunga mtandio wa kijani, kakumbatia mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Ila simu sitengenezi. Mwambie aliyekutuma aende pale kwa vijana wa sokoni."

"Sijatumwa, na si simu," akasema msichana.

Jina lake Nasrin. Alikuwa mhandisi, mzaliwa wa Tunduru, mtoto wa wakulima wa korosho. Alikuwa amepanga nyumba Ruhuwiko na sebule yake ameigeuza karakana. Humo alikuwa anaunda mashine ya kuchambua korosho ghafi: zinapita kwenye mkanda, kamera inazitazama moja moja, na mashine inatenga zilizo safi na zilizo changa au zenye madoa. Ndani ya ule mfuko mlikuwa na bodi ya mashine hiyo, na kona yake moja imeungua ikawa nyeusi.

Osmund aliigeuza, akainusa, akaiweka chini ya taa. Saa moja baadaye ilikuwa inafanya kazi. Lakini hakuirudisha. Aliendelea kuitazama, midomo kaibana.

"Hii nani kaichora?" akauliza.

"Kuna watu wako nje ya nchi. Niliwapa kazi kwa mtandao."

"Basi hao hawajawahi kushika pasi. Tazama. Hiki kidude kina joto, na wamekiweka shingoni mwa hiki kisichopenda joto. Kitaungua tena."

Akachukua boksi la viatu kutoka kwa Dastan, akaligeuza, akachora kwa penseli mpangilio mwingine wa ile kona. Nasrin aliinama juu ya lile boksi kwa muda mrefu.

"Umewahi kuchora bodi, fundi?"

"Zamani. Nilikuwa nachora juu ya shaba kwa rangi ya kucha ya mke wangu, halafu naitumbukiza kwenye dawa inayokula shaba isiyopakwa. Mama Jane alinigombeza mpaka nikaacha."

"Siku hizi tunachora kwenye kompyuta," Nasrin akasema. "Ukitaka, nitakufundisha. Mimi nahitaji mtu anayejua jinsi vitu hivi vinavyoishi. Kuchora tu si tatizo."

Dastan akaangua kicheko. Osmund hakucheka. Jioni ile alimweleza mkewe Pamela, mwalimu wa shule ya msingi, kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa anaenda Ruhuwiko kusoma. Pamela alimtazama kwa jicho la mwalimu, akaingia chumbani, akatoka na daftari jipya la mistari.

"Andika jina juu," akamwambia. "Na usichelewe."

Hivyo akaanza. Kila asubuhi alipanda baiskeli, akapita Songea ingali na ukungu, akafika sebuleni kwa Nasrin saa mbili kamili. Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Kipanya cha kompyuta kilimkimbia mezani, na mkono uliozoea kugandisha risasi ya kuchomelea kwenye waya mwembamba kuliko unywele ukashindwa kubonyeza mara mbili. Wiki ya tatu aliacha kutoka jasho. Mwezi wa pili wa masomo alikuwa anamkosoa mwalimu wake, na mwalimu anafurahi.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mistari miwili. Nasrin alimweleza siku moja kabla ya chai, akichora kwenye ubao mweupe. Picha za kamera, alisema, zinasafiri juu ya bodi kwa kasi ya kutisha, na haziendi kwa njia moja ya shaba. Zinapita kwenye jozi. Umeme ukipanda kwenye mstari mmoja, unashuka kwenye mwenzake. Upande wa kupokea haujali kimo cha mstari huu wala ule. Unaangalia tofauti kati yao tu.

"Sasa kelele ikiingia," Nasrin akasema, "tuseme ya mota, inaipiga mistari yote miwili sawasawa. Yote inapanda kidogo pamoja. Tofauti inabaki ileile."

Katika maisha yake yote Osmund alipigana na kelele kwa kuifungia mlango: mabati, vichujio, waya zilizovishwa nyavu. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuiacha iingie, kisha aitoe kwa hesabu ya darasa la pili.

"Aliyebuni hii," akasema mwishowe, "alilala usingizi mzuri siku hiyo."

"Ila ina masharti. Mistari iende pamoja toka mwanzo hadi mwisho. Nafasi kati yao isibadilike. Urefu uwe sawa, mmoja ukitangulia kona, mwingine utafutiwe pa kujipinda ili ilingane. Na chini yao kuwe na shaba."

Osmund aliandika masharti yote kwenye daftari. Lile la mwisho aliliandika kwa ufupi: *shaba chini*.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi ile ya Songea inayowafanya watu waote jua kama mijusi, alipewa kazi ya kuchora bodi nzima peke yake. Nasrin alikuwa na safari ya Dodoma, akamwachia kompyuta afanyie kazi nyumbani. Ile jozi ya kamera ilimchukua Osmund siku nne. Aliipitisha mbali na skrubu, akaipinda kwa kona laini, akapima urefu wa mstari huu na ule mpaka tofauti ikawa ndogo kuliko unene wa karatasi. Alimwita Pamela akaione. Pamela alisema inafanana na reli, akauliza treni iko wapi, akarudi kusahihisha madaftari.

Baadaye, kabla hajafunga kazi, akakumbuka kelele za mota. Kwenye redio na vipaza sauti alizoea kutenganisha upande wenye makelele na upande mpole, kila mmoja na shaba yake ya chini, zikutane mahali pamoja tu. Akafanya hivyohivyo hapa. Kwenye tabaka la chini, ambalo lilikuwa shaba tupu bodi nzima, akakata mwanya mwembamba kutoka ukingo mmoja karibu hadi wa pili: mota huku, kamera kule. Alijiona amefanya la maana. Nasrin aliipitia kwa haraka kwenye simu akiwa njiani, akaipongeza, akaituma kiwandani.

Bodi zilifika mwishoni mwa mwezi wa tisa, za kijani, zinang'aa. Osmund alizichomelea mwenyewe vidude vyote. Juu ya meza ya sebuleni kamera ilionyesha picha safi kabisa ya kidole chake gumba. Mkanda ulikuwa haujafungwa bado, lakini msimu wa korosho ulikuwa unaanza na wakulima wa Nalasi, wilayani Tunduru, walikuwa wameahidiwa kuona mashine. Wakaufunga pamoja na mota yake hukohuko safarini, walipolala Tunduru mjini nyumbani kwa kina Nasrin, wakaukaza kwa spana bila kuujaribu, kesho yake asubuhi wakaingia Nalasi na pikapu ya mjomba wake.

Katibu wa chama cha msingi cha wakulima alikuwa Bi Mwamvua, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea ndani ya ghala. Aliwapokea kwa salamu ndefu, akawauliza habari za njiani, za nyumbani, za wagonjwa na wazima, ndipo akawaruhusu waishushe mashine. Wakulima kama thelathini walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja.

Nasrin akawasha. Picha ikatokea kwenye kompyuta, na watu wakanong'ona kwa kuridhika. Bi Mwamvua akamimina korosho kichwani mwa mashine.

"Bismillahi," akasema. "Haya, tuone."

Nasrin akabonyeza swichi ya mkanda. Mota ikaanza kuzunguka na picha ikatoweka.

Akazima mota, picha ikarudi. Akawasha, ikapotea. Wakabadilisha waya, wakabadilisha kompyuta, wakahamisha mashine kwenye soketi nyingine. Kila mkanda ulipokwenda, kamera ilikuwa kipofu. Osmund alihisi masikio yakimwaka moto. Angetamani watu wale wawazomee, lakini wao walikaa kwa adabu, wengine wakitazama pembeni kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwishowe Bi Mwamvua akasogea, akaokota korosho moja mkandani, akaigeuza.

"Wanangu, mashine yenu nimeielewa," akasema. "Ni nzuri, ila inaogopa korosho."

Ghala zima likacheka, na Nasrin naye akacheka mpaka akakaa chini. Hapo Osmund akapumua. Wakapewa wali na kuku wa kienyeji, wakapewa na mwezi mmoja. "Msimu ni mrefu," Bi Mwamvua akasema. "Ikiacha woga, irudisheni."

Njiani Nasrin alishuku chanzo cha umeme, kisha mota yenyewe, kisha kamera. Osmund alikuwa anaisikiliza mota kichwani. Ile ilikuwa kelele, na kelele alikuwa anazijua.

Walipofika Songea kesho yake asubuhi, Osmund hakwenda Ruhuwiko. Alikwenda kibandani kwake, akashusha redio ndogo ya mbao kutoka rafu ya juu, akaifungua. Ndani ya redio kama hiyo kuna kijiti cheusi chenye waya, ambacho ndicho kinachonasa mawimbi. Osmund akazungushia kijiti hicho waya mwingine mara sita, akauvuta nje ya redio, na ncha yake akaifanya pete ndogo inayoenea kidoleni. Dastan alitazama kazi hiyo akiwa na sindano mdomoni.

"Hiyo pete unamchumbia nani?"

"Bodi," akasema Osmund, akapanda baiskeli.

Sebuleni kwa Nasrin waliwasha mashine na mota yake. Osmund akaiweka redio mezani, akaitega mahali pasipo na kituo, ikawa inavuma kidogo tu, kisha akaanza kuipitisha ile pete juu ya bodi polepole, kama daktari anavyosogeza kipimo kifuani. Juu ya mota ilinguruma, kama ilivyotegemewa. Pembeni ikatulia. Akaifuata jozi yake ya mistari miwili kutoka kwenye kamera: kimya, kimya, kimya. Katikati ya bodi, mbali kabisa na mota, redio ikapiga kelele kama bati linaloburutwa.

Akarudi nyuma, ikatulia. Akasogea tena, ikanguruma palepale, mahali pasipo na kidude chochote. Nasrin akawa amesimama.

"Hapo pana nini?"

Osmund akaigeuza bodi, akaielekeza kwenye dirisha. Mwanga wa jua ulipita kwenye ule mwanya wake, mwembamba na ulionyooka, ukikatiza chini kabisa ya ile mistari miwili.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Ni mimi," akasema. "Hapa nilikata shaba. Nilidhani nazuia kelele isivuke."

Nasrin akachukua penseli, na sauti yake haikuwa na lawama. Alimkumbusha kwamba umeme unaokwenda lazima urudi, na kwa kasi ile unapenda kurudi kwenye shaba iliyo chini ya mstari wake, papo hapo. Ukikuta mwanya, unazunguka mbali kutafuta pa kuvukia, na mzunguko huo unakuwa antena. Unatoa kelele, na unapokea. Kila mota ilipozunguka, ile jozi ilikuwa inakunywa kelele yake pale kwenye ufa, na si sawasawa kwa mistari yote miwili.

"Kosa ni langu pia," akaongeza. "Nilikuambia shaba chini, sikukuambia kwa nini. Na niliipitia kwenye simu ndani ya basi."

"Kwenye redio mwanya huo ungekuwa sahihi."

"Kwenye redio, ndiyo."

Osmund hakutaka kungoja bodi nyingine ili ajue kama wamepatia. Akakwangua rangi ya kijani pande zote mbili za mwanya kwa wembe mpaka shaba ikang'aa. Akachuna wavu wa shaba kutoka kwenye waya wa antena ya zamani, akaukata vipande vitatu vifupi, akavichomelea juu ya ule ufa kama madaraja, chini ya pale mistari inapopita. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote.

Nasrin akawasha kamera. Akawasha mota. Picha ikabaki.

Nasrin akamimina korosho, mkanda ukaenda, na kwenye kompyuta zikawa zinapita moja moja, kila moja na kivuli chake, safi kama za kushika. Waliiacha izunguke mpaka adhuhuri. Osmund alipitisha tena ile pete katikati ya bodi, na redio ikavuma tu kwa upole. Alimpigia simu Pamela, akamkuta kwenye mapumziko.

"Mama Jane, treni imepita," akamwambia.

"Treni gani?"

"Ile ya reli zangu."

Pamela hakukumbuka hata kidogo alichokuwa anazungumzia, lakini alisikia sauti ya mumewe, akasema atanunua nyama.

Siku mbili zilimtosha Osmund kuchora upya. Safari hii shaba ya chini aliiacha nzima, bila hata mkwaruzo. Sehemu ya mota aliisogeza kona ya mbali, na njia zake akazizuia zisikaribie jozi. Kwenye daftari alirudi kwenye yale masharti, akaandika kwa herufi kubwa maelezo ya ukurasa mzima, pamoja na mchoro wa mwanya na mshale unaouzunguka. Pamela, aliyelisoma bila kuombwa, aliweka alama ya vema pembeni kwa kalamu nyekundu.

Bodi mpya zilipofika walirudi Nalasi. Ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni na harufu ya korosho ilipanda hadi darini. Bi Mwamvua hakuwa na muda wa salamu ndefu. Alizifupisha zikawa za dakika tano. Mashine ikawashwa, mkanda ukaenda, picha ikakaa. Gunia la kwanza likapita, la pili, la tano. Safi zilianguka kapu la kulia, zenye kasoro kapu la kushoto.

Halafu Bi Mwamvua akaleta gunia la shambani kwake mwenyewe. Mashine ikazitupa nyingi upande wa kushoto.

"Simamisha," akasema.

Nasrin akasimamisha. Mama yule akapiga magoti mbele ya kapu la kushoto, mtandio kaurudisha begani, akaanza kuzikagua korosho zake kwa mkono. Wakulima wakasogea. Akachukua ya kwanza, akaibonyeza, akaitupa. Ya pili vivyo hivyo. Ya kumi akaiweka kiganjani, akawaonyesha wote.

"Changa," akakiri. "Nilimwambia mume wangu asiziangue mapema. Leo akija, mtamwonyesha yeye picha hizo, si mimi."

Walicheka mpaka kuli mmoja akashusha gunia. Kisha Bi Mwamvua akainuka, akakung'uta vumbi magotini, akamgeukia Osmund.

"Fundi, kumbe inaona. Sasa niambie, inaweza kujua unyevu pia? Maana korosho mbichi ndizo zinazotuumiza."

"Kamera haiwezi," akasema Osmund. "Ila kuna kipimo kingine. Kinaweza kukaa hapa, kabla ya kamera."

"Hapo patakuwa na mtetemo," Nasrin akasema. "Kiweke mwisho."

"Mwisho njia itakuwa ndefu mno. Itabidi jozi nyingine ivuke bodi nzima."

"Ivuke, si shaba ipo chini?"

"Ipo, lakini itapita karibu na mota."

Nasrin akaomba chaki ya kuandikia magunia, wakachuchumaa wote wawili sakafuni katikati ya ghala. Yeye akachora bodi, Osmund akaifuta kona moja kwa kiganja na kuichora kwake. Makuli waliokuwa wakipita na magunia mabegani wakawa wanauruka mchoro ule kwa uangalifu, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekanyaga mstari aliomba radhi.